Dhahabu ya Wakushani na Mizani ya Fizi

Mzee wa Baraka katika Fizi, mashariki ya Kongo, aliyezaliwa katika zama za faranga ya Wabelgiji, akajenga nyumba yake kwa zaire na makuta, na leo humtuma mjukuu wake sokoni na faranga za Kongo au dola ya Marekani, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba fedha hufa kama afavyo mtawala aliyeipiga chapa. Zaire ilipotolewa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola mbili. Mwaka 1993 zaire milioni tatu zikahesabiwa kuwa zaire mpya moja tu. Na mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa faranga moja. Katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, akiba za watu waliouza samaki, mihogo na mawese kwa miaka mingi ziligeuka karatasi za kuwashia moto, na tangu hapo mchuuzi wa pwani ya Tanganyika huikagua noti ya dola juani, pembe kwa pembe, akairudisha ikiwa ina mpasuko mdogo kuliko ukucha, kwa maana amejifunza kwa hasara kwamba karatasi haina kitu ndani yake ila ahadi.

Lakini katika Fizi hiyo hiyo kuna kipimo cha mali ambacho hakikufa. Katika machimbo ya dhahabu, kama yale ya Misisi katika sekta ya Ngandja, mchimbaji huileta dhahabu yake kwa mnunuzi ikiwa imefungwa katika kipande cha karatasi, vumbi la manjano lisilojaza ncha ya kijiko. Mnunuzi huinyanyua mizani ndogo yenye vitanga viwili, huimimina dhahabu katika kitanga kimoja, na katika kitanga cha pili huweka njiti za kiberiti au sarafu kongwe ambayo dukani hainunui kitu tena, na wote wawili hunyamaza mpaka ulimi wa mizani utulie. Dhahabu ikiwa nyingi, hesabu yake huenda kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, nayo si kipimo cha Wabelgiji, wala cha Waarabu, wala cha Wabembe wenyeji wa Fizi: ni uzito wa rupia ya fedha ya Bara Hindi. Serikali iliyoipiga rupia ile imekwisha, rupia yenyewe haionekani tena mikononi mwa watu, ilhali uzito wake ungali unaamua mchimbaji atarudi kwake na kiasi gani.

Kila sarafu ya madini imefumbata mambo mawili. La kwanza ni amri ya mfalme, ambayo huandikwa juu yake kwa sura, jina na laqabu; la pili ni madini yenyewe na uzito wake. Amri hudumu maadamu mfalme yupo na askari wake wapo. Madini hudumu baada ya mfalme, baada ya askari, na pengine baada ya lugha yenyewe iliyoandikiwa amri ile. Nami sijaona mfano unaolidhihirisha jambo hili kuliko sarafu za nasaba ya Wakushani, waliotawala kaskazini ya Bara Hindi tangu karne ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuzaliwa Masihi, na ambao dhahabu yao, kwa safari ambayo hakuna mwandishi aliyeiandika, ilifika na kulala katika ardhi ya Afrika.

Wakushani hawakuwa Wahindi kwa asili. Wazee wao walikuwa wafugaji wa farasi katika nyika za mpakani mwa Uchina, watu ambao taarikhi za Wachina huwaita Yuezhi. Wakapigwa na jirani zao, wakakimbilia magharibi, wakavuka milima na mito, mwishowe wakakaa katika nchi ya Baktria, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Afghanistan. Walikuwa makabila matano, kila moja na mkuu wake, mpaka alipotokea mtu mmoja, Kujula Kadphises, akayatiisha makabila yote kuwa dola moja. Nchi waliyoikuta ilikuwa imekwisha tawaliwa na Wayunani, masalia ya majeshi ya Iskandar, na watu wa sokoni walikuwa wamezoea sarafu zenye sura za wafalme wa Kiyunani. Basi Kujula alifanya jambo ambalo watawala wengi wapya hulifanya hata leo: hakuibadili sura ya fedha kwa ghafula, bali aliendelea kupiga sarafu za shaba zenye sura na jina la Hermaeus, mfalme wa Kiyunani, akatia jina lake mwenyewe upande wa pili. Mnunuzi alitazama upande aliouzoea, akaridhika, akapokea.

Aliyewatia Wakushani katika daraja ya wafalme wa dhahabu ni mjukuu wake, Vima Kadphises. Yeye ndiye wa kwanza katika nasaba hiyo kupiga dinari za dhahabu kwa wingi, ya kawaida ikiwa na uzito wa gramu nane hivi, na pia dinari kubwa zenye uzito maradufu. Na dhahabu hiyo ilitoka wapi? Wanazuoni wengi wanaona kwamba sehemu yake kubwa ilitoka Rumi. Katika zama zile Warumi walikuwa na uchu usiokwisha wa pilipili, hariri, lulu na nguo laini za Bara Hindi, na kwa kuwa walikuwa na bidhaa chache walizozitaka Wahindi, walilipa kwa dhahabu na fedha. Plinio, mwandishi wa Kirumi, alilalamika kwamba Bara Hindi lilimeza sesterti milioni 50 kila mwaka. Ni dhahiri kwamba malalamiko ya Rumi yalikuwa furaha ya Wakushani, walioikalia njia kuu baina ya Uchina, Uajemi, Bara Hindi na bahari.

Ichukue sarafu moja ya Kanishka, mwana wa Vima, aliyeanza kutawala, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi siku hizi, mwaka 127, uitazame kwa karibu. Ni dinari isiyozidi upana wa kidole gumba. Upande mmoja mfalme amesimama wima, mwenye ndevu, amevaa joho zito lililopanuka chini kama kengele, suruali na viatu vikubwa vya mpanda farasi, mavazi ambayo mtu hawezi kuyavumilia katika joto la bonde la Ganges, lakini Mkushani hakukubali kuyavua kwa maana ndiyo yaliyotangaza asili yake. Mkono wake wa kulia umenyoshwa juu ya madhabahu ndogo ya moto. Wa kushoto umeshika mkuki. Na mabegani mwake huchomoza ndimi za moto, alama ya baraka ya mbinguni. Kandokando ya ukingo yamezunguka maandishi: Shaonanoshao Kaneshki Koshano, yaani Mfalme wa Wafalme, Kanishka Mkushani. Hapo mwanzo maandishi yalikuwa ya Kiyunani. Kanishka akaiacha lugha ile, akaandika kwa lugha ya nchi yake, Kibaktria, lakini kwa herufi zile zile za Kiyunani, na kwa kuwa Wayunani hawakuwa na herufi ya sauti ya "sh", mafundi wake wakaibuni moja.

Igeuze sasa dinari hiyo upande wa pili. Hapo ndipo palipo na ajabu kubwa zaidi, kwa maana kila sarafu ina mungu wake na jina lake limeandikwa kando. Kuna Miiro, mungu wa jua wa Kiajemi. Mao, mungu wa mwezi. Nana, mungu wa kike ambaye asili yake ni Iraki ya kale. Oado, mungu wa upepo, anayekimbia huku nguo yake ikijaa kama tanga. Oesho, anayefanana na Shiva wa Wahindi, pamoja na fahali wake. Na katika sarafu chache sana amesimama Buddha, nuru ikimzunguka, mkono wake umeinuliwa, na jina lake limeandikwa Boddo. Nayo ni miongoni mwa sura zake za mwanzo kabisa zenye tarehe inayojulikana. Chini ya Huvishka, aliyemfuata Kanishka, orodha ikazidi kurefuka mpaka akaingia hata Sarapo, ambaye ni Serapis, mungu wa Iskandaria ya Misri. Wako wanaosema hii ilikuwa siasa tu, mfalme akitaka kumridhisha kila raia kwa dini yake. Kwa maoni yangu neno hilo halitoshi. Dola iliyokaa katika njia panda ya ulimwengu ilikuwa imejaa watu wa kila mila, na sarafu, ambayo huingia katika kila mkono, ilikuwa mahali pekee ambapo wote waliweza kuonekana pamoja.

Na haya yote yalikuwa yamesahauliwa. Katika Bara Hindi lenyewe Wakushani walibaki kama jina hafifu katika vitabu vya dini, na waliowafufua ni sarafu. Katika miaka ya 1830 Mwingereza mmoja msafiri, Charles Masson, alizunguka katika nchi ya Kabul akinunua kwa wakulima na watoto sarafu zilizofukuliwa na mvua na majembe, hasa huko Begram, akakusanya makumi ya maelfu. Huko Calcutta, James Prinsep, ambaye kazi yake ilikuwa kupima usafi wa madini katika kiwanda cha serikali cha sarafu, alizitumia sarafu za wafalme wa Kiyunani wa Bara Hindi, zenye Kiyunani upande mmoja na maandishi ya kienyeji upande wa pili, kama ufunguo wa kuisoma hati ambayo ilikuwa haijasomwa na mtu kwa karne nyingi. Ufuatano wa wafalme wa Kushani ulipangwa hivyo, sarafu kwa sarafu, na ubishi haukwisha, mpaka mwaka 1993 lilipopatikana jiwe la Rabatak katika Afghanistan, ambalo Kanishka mwenyewe ameandikisha juu yake majina ya baba yake, babu yake na babu wa baba yake: Vima Kadphises, Vima Takto na Kujula Kadphises. Vima Takto huyo ndiye aliyewatesa wanazuoni kwa miaka mingi, kwa kuwa wengi wanaona kwamba sarafu za shaba zisizo na jina, zenye laqabu tu ya "Mwokozi Mkuu", ni zake.

Sasa nije kwenye habari ya Afrika. Kaskazini ya Uhabeshi, katika jimbo la Tigray, kuna mlima ulionyooka pande zote kama meza, na juu yake kuna monasteri ya Debre Damo, ambayo mapokeo yanasema iliasisiwa na Abuna Aregawi katika karne ya sita. Hakuna njia ya kupandia ila kamba inayoteremshwa kutoka juu ya jabali, na mwanamke haruhusiwi kupanda. Huko, karibu na mwaka 1940, yalipatikana masalia ya kisanduku na ndani yake dinari za dhahabu za Wakushani zaidi ya mia moja, ambazo habari zake ziliandikwa baadaye na mtaalamu wa Kiitalia, Antonio Mordini. Zilikuwamo za Vima Kadphises, za Kanishka, za Huvishka ambazo ndizo nyingi kuliko zote, na za Vasudeva. Sarafu hizo zilipigwa mamia ya miaka kabla ya monasteri kujengwa, na zilivuka bahari.

Msomaji asidhani kwamba bahari ile ilikuwa ngeni. Katika karne ya kwanza Myunani mmoja wa Misri aliandika kitabu cha kuwaongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na katika kitabu hicho hicho kimoja ameitaja Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum wa Uhabeshi katika Bahari ya Shamu. Ameitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, ambalo wataalamu huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Na ameitaja Barygaza, bandari kuu ya magharibi ya Bara Hindi, akieleza kwamba dinari za Kirumi za dhahabu na fedha hubadilishwa huko kwa faida, na kwamba sarafu za wafalme wa Kiyunani waliokufa zamani zingali zinapita mikononi mwa watu. Hapo pana ushahidi wa yale niliyoyasema: Menander, mmoja wa wafalme hao, alikuwa amekufa kwa zaidi ya miaka mia, na fedha yake ingali inanunua. Aksum nayo, chini ya mfalme Endubis, ikaanza kupiga dhahabu yake karibu na mwaka 270, ikawa ya kwanza kusini ya Sahara. Na hiyo ndiyo karne ambayo dola ya Wakushani ilivunjika, Waajemi Wasasani wakiikata magharibi, na falme ndogo zikiigawana mashariki.

Hata baada ya kuvunjika, sura ya dinari yao haikuondoka. Wafalme wa Gupta, walioinuka katika karne ya nne, walipopiga dhahabu yao ya kwanza waliiiga ya Kushani, hata Samudragupta, Mhindi wa bonde la Ganges, akaonekana katika baadhi ya sarafu zake amesimama mbele ya madhabahu ndogo, amevaa joho la wafugaji wa farasi ambalo yamkini hakuwahi kulivaa maishani mwake.

Tola haikutokana na dinari ya Kushani, wala nisingependa msomaji afikiri hivyo. Asili yake ni mlango mwingine wa nyumba ile ile. Tangu kabla ya Wakushani, Wahindi walipima fedha kwa ratti, yaani mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, ambayo mmea wake unaotambaa huota hata kwetu Afrika Mashariki. Mbegu zake hazikhitilafiani sana kwa uzito, na ndiyo sababu masonara waliziamini. Sarafu za kale za fedha za Bara Hindi, zilizopigwa alama za jua, miti na wanyama, zilikuwa na uzito wa ratti 32. Ratti 96 ni tola. Mfalme Sher Shah wa Bara Hindi, aliyetawala tangu 1540 hadi 1545, alipiga rupia ya fedha yenye uzito unaokaribia tola moja, Mamoghuli wakaifuata, na Waingereza mwaka 1833 wakaukaza uzito huo, kisha mwaka 1835 wakaieneza rupia moja katika himaya yao yote.

Rupia hiyo ndiyo iliyokuja Unguja, na kutoka Unguja ikaingia bara taratibu, kwa maana bara lilikuwa na fedha yake. Wasafiri Burton na Speke walipolivuka ziwa letu la Tanganyika mwaka 1858, na ghuba iliyopo baina ya Baraka na rasi ya Ubwari ingali inaitwa kwa jina la Burton, malipo ya mwambao yalikuwa nguo na shanga. Msafiri mwingine, Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliwakuta wabadilishaji wa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika: asubuhi walikaa sokoni na mikoba iliyojaa, wakiwauzia sofi wanunuzi, na soko lilipovunjika wakazinunua tena kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Wadachi walipokuja, wakapiga rupia yao yenye sura ya Kaiza Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma, kwa uzito ule ule wa Kihindi, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali pungufu. Wakaigawa kwanza katika pesa 64, na tangu mwaka 1904 katika heller 100. Mwaka 1916, walipozingirwa pande zote na fedha ikawaadimikia, walipiga huko Tabora sarafu za shaba, na hata za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Na Septemba ya mwaka huo askari wa Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji wakaingia Tabora.

Rupia ikaondolewa sokoni, lakini sonara wa Kihindi hakuitupa mizani yake, na dhahabu ya mashariki ya Kongo, ilipopita katika mikono ile ile kuelekea nje, ikapimwa kwa kipimo kile kile. Hivyo ndivyo mchimbaji wa Misisi anavyolipwa kwa uzito ambao ulianza kwa mbegu nyekundu.

Nina ombi kwa wachimbaji hao, kwa maana wao, kuliko mwanachuoni yeyote, ndio wanaoshuka katika ardhi ya Fizi kila siku. Sarafu za Debre Damo zilitufundisha kwa sababu zilipatikana pamoja: kwa kuona kwamba hapana hata moja ya mfalme aliyekuja baada ya Vasudeva, tulijua zama zilipokusanywa, na lau zingeuzwa moja moja au kuyeyushwa, tungekuwa na dhahabu tu. Basi ukikuta ardhini shanga za kale, msalaba wa shaba wa Katanga, sarafu yenye tundu ya Dola Huru ya Kongo iliyopigwa tangu 1887, au rupia iliyofifia, usiisugue kwa mchanga, usizitenganishe zilizokuwa pamoja, wala usiipeleke moja kwa moja kwa mwenye tanuru. Andika mahali, kina cha shimo na siku. Mwonyeshe mwalimu mkuu, padri au imamu wa karibu nawe, aandike katika daftari lake na kupiga picha, na habari ipelekwe kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.